Mafuta Aliyopewa Baseme

Godelieve hakujua kukaa. Hata siku ambayo muhogo umekwisha kulowekwa, maji yamejaa mtungini na kuni zimepangwa ukutani, alikuwa akiinuka na kufagia mahali palipokwisha kufagiwa, kisha anatembea hadi njia panda kutazama barabara ya Lulimba, anarudi, anakaa kidogo, anainuka tena. Mama mkwe wake alimfuata kwa macho kutoka kibarazani, akawa anawaambia jirani zake kwamba mke wa Raphaël ana siafu ndani ya nguo.

Alikuwa mtoto wa Mboko, wa ufukweni. Baba yake alivua ndagala, dagaa wa ziwani, na nyumbani kwao hakukuwahi kufugwa mbwa. Raphaël alimkuta huko siku moja aliposhuka kuuza nyama ya porini iliyokaushwa, akapeleka mahari, akampandisha milimani, katika kijiji cha wawindaji kilichojificha nyuma ya Fizi. Huko Godelieve alijifunza kwamba mbwa si mnyama wa kufukuzwa kwa mwiko. Mbwa wa kuwinda ana jina lake. Ana njuga ya mti inayofungwa shingoni, kwa kuwa mbwa wa kule hawabweki, na mwindaji anawafuata porini kwa mlio wa njuga. Nyama ikigawanywa, na yeye ana fungu lake.

Mbwa wa Raphaël aliitwa Baseme, yaani waache waseme. Ni jina alilompa mwaka ule watu walipoanza kuuliza mbona nyumbani kwake hakusikiki kilio cha mtoto. Alikuwa mbwa mwekundu, masikio yamesimama, mkia umejikunja, mdogo wa mwili lakini mkali wa pua. Raphaël alipoondoka kwenda kuchimba dhahabu Lulimba, alimfunga njuga mbele ya watu wote wa nyumbani, akamgeukia mkewe.

"Uyu imbwa, umutunze sawa vile ungenitunza mimi."

Basi Godelieve akamtunza. Nicolas, mdogo wake Raphaël, alikuwa akimchukua Baseme kwenda kuwinda, na kila waliporudi, nyumba ya Godelieve ilipata nyama. Kwa hiyo mbwa ndiye aliyekuwa akimlisha, na yeye akimlisha mbwa, na mambo yakaenda hivyo kiangazi kizima na nusu ya masika.

Kisha zikaja habari. Mtu mmoja aliyetoka Lulimba kwa miguu alipita kijijini akasema Raphaël ameaga wenzake, Pasaka ataila nyumbani. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita, na mvua ya mwaka ule haikuwa na mapumziko. Tangu siku ile Godelieve alipoteza hata ule usingizi mdogo aliokuwa nao. Alipaka kuta udongo mpya, mvua ikauosha, akapaka tena.

Mama mkwe hakutazama kuta. Alimtazama mbwa, ambaye masika na uwindaji vilikuwa vimemkondesha.

"Raphaël atahesabu kwanza mbavu za mbwa wake," alisema, akimenya muhogo. "Kisha atatazama za kwako."

Maneno hayo yalimwingia Godelieve kama mwiba mdogo, ule ambao hauonekani lakini kila ukikanyaga unausikia.

Alikuwa na kaka yake mkubwa, Albert, aliyekuwa mpishi kwa muzungu mmoja wa pamba kule Baraka. Wiki ile ile Albert alimtumia kopo kwa kamyo, lori lililokuwa likipandisha chumvi Fizi. Godelieve alipolifungua alikuta mafuta ya nguruwe, meupe, yameganda hadi ukingoni, yenye harufu ya chumvi na moshi. Hakuwa amewahi kushika mafuta mengi namna ile kwa wakati mmoja. Kwao Mboko, ukimheshimu mgeni unampa tumbo la samaki, palipo na mafuta, na mchuzi ambao mawese yanaelea juu yake. Mtu anayekupikia chakula kikavu amekuambia kitu. Godelieve alifikiri mbwa naye ni hivyo hivyo.

Alianza na kijiko kimoja juu ya bugali. Baseme alilamba sahani mpaka ikatembea uwanjani. Kesho yake vijiko viwili, kisha akawa anachota kwa mkono. Manyoya ya mbwa yakaanza kung'aa, mbavu zikazama. Mama mkwe hakusema neno, na kwa mama yule, kutosema kulikuwa sifa.

Jumapili ya Matawi, katekista wa kijiji alibatizisha mtoto wake akachinja nguruwe. Godelieve alishinda huko akipika pamoja na bamama wenzake, na jioni alipewa fungu lake: ngozi na mafuta ya tumbo. Aliyakaanga, akakomba na yale yaliyobaki chini ya kopo, akamwekea Baseme yote. Alisimama kando akamtazama anavyokula, na kwa muda ule mfupi moyo wake ulitulia.

Asubuhi hakumwona mlangoni. Alimkuta nyuma ya nyumba, kwenye migomba, ametapika maji ya manjano kila mahali. Miguu ya mbele alikuwa ameilaza chini, na ya nyuma imesimama, kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka uvunguni. Alikuwa akitetemeka. Godelieve alimwekea maji, hakuyanusa. Alimwita kwa jina, mbwa akapandisha macho tu.

Nicolas alikuja mbio. Alipomgusa tumbo, Baseme alilia, sauti nyembamba, na Godelieve akarudi nyuma hatua moja, maana hakuwahi kumsikia mbwa yule akitoa sauti.

"Wamemupa sumu," Nicolas alisema.

Hakuna aliyeuliza nani. Wote walitazama upande wa pili wa uzio, kwa Dorothée. Wakati wa kupanda mahindi Baseme alikuwa amemla kuku wake wa mayai, na Dorothée alisimama njiani akasema kwa sauti kwamba mbwa yule iko siku ataona. Naye Dorothée alikuwa pale pale sasa, jembe begani, anakwenda shambani.

"Alisema," alisema mama mkwe, "na sisi tulisikia."

"Kuku yangu ilikufa, nikasema," alijibu Dorothée. "Kusema njo kuua?"

"Utajibu kwa chefu," alisema Nicolas. "Pasaka ikipita tu, tunakwenda."

Godelieve alichuchumaa kando ya mbwa. Nusu yake iliamini, kwa kuwa ilikuwa rahisi kuamini. Mama mkwe aliagiza mawese, kama watu wanavyofanya mtu akila kitu kibaya, ili yaoshe sumu tumboni. Wakamshika mbwa, Nicolas akamfungua mdomo, Godelieve mwenyewe akamimina. Baseme aliyatapika, na baada ya hapo hali ikazidi. Alilala upande, macho yameingia ndani, akinyoosha miguu kila maumivu yalipopita. Mchana ule Godelieve alizunguka nyumba ile mpaka nyayo zake zikachora njia kwenye tope. Akienda kisimani alirudi na mtungi mtupu, amesahau kilichompeleka.

Alfajiri alimkuta bado anapumua. Ndipo alipokumbuka kwamba wazungu wana dawa za mbwa, na kwamba kaka yake anaingia katika nyumba ya muzungu kila siku. Alimwinua Baseme, akamweka mgongoni, akamfunga kwa kikwembe kama mtu anavyomfunga mtoto.

Mama mkwe alikuwa ameamka. Alisimama mlangoni akatazama mzigo ule.

"Mtoto wa Raphaël njo huyo?" aliuliza.

Godelieve alikaza fundo kifuani akashika njia.

Njia ya kushuka Baraka ilikuwa utelezi mtupu. Kamyo moja ilisimama, dereva akamkaribisha, kisha akaona pua ya mbwa ikichungulia begani, akatia gia akaenda zake. Kwenye mashamba ya pamba bamama walimwita wakimwambia, mama, kuya utuonyeshe mutoto. Mmoja alikuja kabisa, akafunua kikwembe akitabasamu, akaruka nyuma. Vicheko vilimfuata Godelieve mpaka kwenye kona. Hakukasirika. Alikuwa akisikiliza kitu kingine: moyo wa mbwa ukigonga mgongoni mwake, haraka haraka, na kila ulipoonekana kupungua alisimama, akamfungua, akamdondoshea maji midomoni kwa vidole, akamfunga tena akaongeza mwendo. Kwenye mto maji yalimfika kiunoni. Alimpandisha Baseme kichwani, akavuka akiomba kwa sauti, hajui anaomba nini hasa.

Jua lilikuwa limeinama alipoliona ziwa. Alipita pembeni mwa nyumba ya muzungu, akaenda moja kwa moja nyuma, kwenye mlango wa jiko. Albert alikuwa akikata vitunguu.

"Yaya, unipe dawa ya imbwa," alisema, kabla hata ya kumsalimia kaka yake mkubwa. "Jirani amemupa sumu."

Albert alimsaidia kumshusha. Alimtazama mbwa, akatazama jinsi alivyojikunja kulilinda tumbo.

"Alikula nini?"

"Sumu, nimesema."

"Uliiona?"

"Hapana."

"Basi unieleze ile uliyoona. Alikula nini?"

Godelieve alimweleza: ngozi ya nguruwe ya ubatizo, mafuta ya tumbo, na kabla ya hapo yale ya kwenye kopo, kila siku, kidogo kidogo, kisha mengi.

"Ile kopo niliyotuma?"

"Njo ile."

Albert aliweka kisu chini akakaa juu ya gunia la makaa. Akasema, "Nilikutumia wewe. Ya kutia kwenye sombe unayopika."

Akamhadithia. Noeli iliyopita madamu wa nyumba ile alikuwa na mbwa mkubwa mwenye masikio marefu. Wageni walikuwa wengi, na kila mgeni alimtupia mbwa kitu chini ya meza: ngozi ya bata ya kuchoma, siagi, mchuzi mzito. Kesho yake mbwa alikunja mgongo hivi hivi, akatapika hivi hivi, na hakufika mwaka mpya. Madamu alilia akasema ametiliwa sumu. Na nani anayeshika chakula katika nyumba ile?

"Nilisimama pale, kwenye mlango," Albert alisema, akionyesha kwa kidevu. "Macho yote kwangu. Hakuna mutu aliyesema jina langu, lakini hakuna aliyetazama pengine. Daktari wa ng'ombe akatoka Uvira kwa kazi yake, bwana akamwita. Njo yeye alisema ni mafuta. Imbwa haina tumbo yetu, alisema. Ingine itakula mafuta na kwenda kulala. Ingine itakula na ile kitu ndani inayosaga chakula itawaka moto. Na hauwezi kujua yako ni ya namna gani mpaka siku ile."

"Na mawese?"

"Ulimupa na mawese?"

"Mama mukwe alisema itaosha sumu."

"Mawese nayo ni mafuta, Godelieve."

Godelieve alisimama. Alitaka kwenda mahali, hakujua wapi. Alizunguka jiko, akatoka nje, akarudi. Aliulizia dawa, Albert akasema dawa ile hajaiona. Alichosikia kwa daktari ni kwamba mbwa aachwe bila chakula kwanza, apewe maji kidogo kidogo, mara nyingi. Tumbo likitulia, apewe maji ya mchele, kisha samaki wa kuchemshwa, mkavu, bila tone la mafuta. Kama atapona, atapona hivyo.

Albert alimpeleka alikokuwa amepanga chumba, kwa mama mmoja wa ufukweni, Hawa, mjane aliyekuwa akikausha samaki. Hawa alimtazama mbwa akatikisa kichwa.

"Ndani hapana, mwanangu, mule ninasali. Lakini nyuma ya jiko kuna kivuli na pakavu. Muweke pale, na mchele nitakupa."

Godelieve alikaa pale siku zile za juma takatifu, ikiwa kukaa kule kunaweza kuitwa kukaa. Alimdondoshea Baseme maji, akaosha sufuria zote za Hawa, akamdondoshea maji, akageuza samaki wote wa Hawa kwenye mikeka, akarudi kwa mbwa. Hawa alimwambia samaki wakigeuzwa sana wanavunjika. Siku ya pili Baseme hakutapika. Kisha akanyanyua kichwa, akalamba maji ya mchele kutoka kiganjani. Kisha akasimama, akatembea hatua chache kama mbuzi mchanga, akakojoa kwenye ukuta wa Hawa, na Godelieve akacheka peke yake.

Ijumaa Kuu alimfunga tena mgongoni akaanza kupanda. Sasa mbwa hakuwa mzigo mkubwa. Kilichomlemea kilikuwa kingine. Aliyejua habari za kopo ni Albert tu, na Albert yuko Baraka. Akinyamaza, watasema ametibiwa kwa dawa ya wazungu, na Raphaël atasifu miguu yake. Dorothée atapelekwa kwa chefu, atatozwa mbuzi, basi. Kwani Dorothée aliwahi kumsalimia vizuri? Akisema, mama mkwe atapata neno la kula mpaka kufa: tasa, na sasa muuaji wa mbwa. Alilipindua jambo hilo mlima mzima. Mara ameamua hivi, mara vile, na kila alipoamua kunyamaza alimwona kaka yake amesimama kwenye mlango wa jiko, macho yote kwake.

Alipofika alikuta sauti zimepanda. Nicolas na mume wa Dorothée walikuwa wamekaribiana vifua, watu wamewazunguka, na Dorothée amekaa kwenye kizingiti chake, uso umefungwa. Godelieve aliingia katikati na mbwa mgongoni.

"Muache," alisema. "Dorothée hakumupa kitu. Mi njo nilimupa."

Nicolas alimtazama kama mtu ambaye hajasikia.

"Nilimupa mafuta. Ya kopo, na ya nguruwe, na mawese tulimwaga sisi wenyewe. Mafuta inaua imbwa. Albert aliiona kwa macho yake Baraka."

"Mafuta," alisema mama mkwe polepole. "Mafuta inaua. Basi sisi wote tungekuwa tumekufa zamani."

Watu wengine walicheka. Wengine walinung'unika kwamba mtoto wa ziwani anajua nini juu ya mbwa. Lakini wagomvi hawakuwa na la kugombea tena, na mmoja mmoja walitawanyika. Dorothée aliinuka, akaingia ndani akafunga mlango. Hakumtazama Godelieve hata mara moja.

Raphaël alifika Jumamosi, amekonda, ndevu zimeota. Mama yake alimpokea mwanzoni mwa kijiji ili awe wa kwanza kumweleza. Godelieve aliwaona kwa mbali, mama akionyesha kwa mikono, Raphaël ameinamisha kichwa. Alipofika nyumbani alichuchumaa mbele ya Baseme, akapitisha vidole juu ya mbavu moja moja.

Jumapili, baada ya misa, walichoma nyama. Nicolas alikuwa ameua nguruwe wa porini, na uwanja ulijaa jamaa. Raphaël alikuwa na furaha ya mtu aliyerudi, na pombe kidogo kichwani. Katikati ya mazungumzo alikata kipande kirefu cha mafuta kilichokuwa kikitona motoni, akapiga mluzi. Baseme aliinuka kutoka kivulini, mkia ukicheza.

Godelieve alivuka uwanja akamshika mumewe kiwiko cha mkono.

Watu walinyamaza. Mwanamke hamshiki mumewe mkono hivyo mbele ya wakwe.

"Raphaël, hapana."

"Ni imbwa yangu."

"Ni yako. Njo maana ninakuzuia."

Mama mkwe alisonya. Raphaël alimtazama mkewe, kisha mkono wake uliokuwa umeshikwa, kisha mbwa. Mafuta yalidondoka juu ya kidole chake, ya moto, naye hakutikisika. Godelieve aliona mshipa ukicheza kwenye shingo yake. Hakumwachia.

Mwishowe Raphaël aliinua mkono, na wa Godelieve ukaufuata, akatia kile kipande mdomoni mwake mwenyewe. Akatafuna, akameza.

"Sasa iko nini ya kumupa?" aliuliza.

"Ndagala. Nimechemsha."

"Basi, lete."

Mazungumzo yalirudi, kwanza chini chini, kisha kama kawaida. Jioni, walipobaki wawili, Raphaël alimwuliza kama ni kweli alimbeba mbwa mgongoni mpaka Baraka na watu wakamcheka. Godelieve akasema ni kweli. Akamwuliza alivukaje mto. Akamweleza. Kesho yake Raphaël alimwambia mama yake, mbele ya Nicolas, kwamba habari za mbwa zimekwisha na hataki kuzisikia.

Kwa mama hazikuisha, lakini alizisemea kwingine.

Kwa Dorothée, Godelieve alipeleka kuku. Dorothée alimpokea kuku, akamfunga mguu, akasema asante kama anavyomwambia mpita njia. Salamu za kweli hazikurudi mwaka ule, wala uliofuata, na Godelieve aliacha kuzidai. Baseme naye alirudi porini na Nicolas, mwepesi kama zamani siku nyingine, siku nyingine akirudi katikati na kulala njiani. Fungu lake lilikuwa nyama nyekundu tu, na wawindaji wengine waliona ni maringo. Mmoja wao alimpa mbwa wake mafuta mwaka mzima kuonyesha kwamba hakuna kitu, na kweli mbwa yule hakupata kitu. Godelieve hakubishana naye. Albert alikuwa amemwambia hivyo tangu mwanzo.

Raphaël alipotaka kurudi Lulimba, mkewe hakuuliza atabaki na nani. Alikuwa amekwisha kufunga mizigo, na njuga ya Baseme ndani yake. Kule kambini alipika kwa ajili ya wachimbaji, na mbwa akalala chini ya meza yake mpaka mwaka wa hamsini na tisa, alipokufa kwa uzee tu, mwezi wa kiangazi, udongo umekuwa mgumu kama tofali. Raphaël alichukua jembe kumchimbia, lakini alikuwa akisimama kila mara kufuta macho. Godelieve alimtazama kidogo, kisha akamnyang'anya jembe akachimba yeye.